Misuli Ichezapo Yenyewe

Ukope wa jicho ukianza kucheza wenyewe asubuhi, watu wengi wa Afrika ya Mashariki hawakosi la kusema. Wako waaminio kwamba ukope wa juu ukicheza kuna mgeni njiani, na wa chini ukicheza kuna machozi. Wengine hutofautisha jicho la kulia na la kushoto. Imani hizi hazimdhuru mtu: mgeni akifika hukaribishwa, asipofika jambo husahauliwa. Lakini iko imani nyingine, mpya zaidi, ambayo haikutoka kwa mabibi bali vitabuni, na siku hizi katika simu za mkononi. Nayo ni kwamba misuli ikicheza yenyewe, mwenye misuli hiyo amekwisha kupatwa na ule ugonjwa unaoua neva za mwendo, ugonjwa udhoofishao viungo kimoja baada ya kingine mpaka mtu akashindwa kupumua. Imani hii ya pili imevaa nguo za sayansi, na kwa sababu hiyo huwashika wanafunzi wasomaji kuliko wavivu.

Kosa lililomo katika imani hizo mbili ni la namna moja. Kila mojawapo huichukua dalili moja, huitenga na dalili nyingine zote, kisha huibebesha maana ambayo peke yake haiwezi kuibeba. Mwalimu wa sayansi alichekaye kosa la kwanza na kulifumbia macho la pili hajafanya kazi yake.

Yafaa kwanza ieleweke ni kucheza gani kunakozungumzwa. Si kutetemeka kwa mkono wa mzee anyanyuapo kikombe, wala si degedege, wala si kule kukaza kwa msuli wa mguu kunakomwamsha mtu usiku kwa maumivu. Ni mshtuko mdogo, wa haraka, usiouma, ambao huonekana chini ya ngozi kana kwamba kuna mdudu apitaye, na ambao aghalabu hausogezi kiungo. Huja mara moja ukaondoka, au huendelea mahali pamoja kwa saa kadhaa na hata siku kadhaa, kisha ukahamia pengine.

Ili chanzo chake kijulikane, hapana budi kufuata njia ipitayo amri ya mwendo. Katika tabaka la juu la ubongo kuna seli za neva ambazo kila moja hutoa uzi mrefu ushukao hadi kwenye ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo. Hizo ziitwe hapa neva za juu. Katika sehemu ya mbele ya ugwe huo kuna seli nyingine zipokeazo amri, nazo hutoa nyuzi zao nje ya uti mpaka kwenye misuli. Hizo ndizo neva za chini. Uzi wa neva ya chini ufikapo kwenye msuli hugawanyika katika matawi mengi, na kila tawi hushika uzi mmoja wa msuli. Katika misuli midogo izungushayo jicho, seli moja ya neva huamrisha nyuzi za msuli zipatazo kumi. Katika msuli mkubwa wa shavu la mguu, seli moja huamrisha nyuzi zaidi ya elfu. Seli hiyo na nyuzi zake ni kama kiongozi na kikosi chake. Kiongozi akitoa amri, kikosi kizima hujikunja kwa pamoja, wala hakuna askari abakiaye nyuma.

Basi kucheza kwa msuli ni kujikunja kwa kikosi kimoja, au sehemu ya kikosi, pasipo amri ya ubongo. Kiongozi amepiga kelele usingizini, na askari wake wametii.

Kwamba neva yaweza kuamsha msuli bila ubongo si habari mpya. Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliliona jambo hilo katika miaka ya 1780 alipoona miguu ya chura aliyekufa ikiruka ilipoguswa kwa metali, naye akachapisha maelezo yake mwaka 1791. Katika shule nyingi habari hii husimuliwa na mwalimu wa fizikia kama utangulizi wa betri ya Volta ya mwaka 1800, na Galvani hutajwa kama mtu aliyekosea. Ni ajabu kwamba walimu wa bayolojia wamekubali kunyang'anywa somo lao. Galvani alikosea katika baadhi ya maelezo yake ya umeme, lakini mguu wa chura uliruka kweli, na uliruka kwa sababu neva ni kitu kilicho tayari daima kutoa cheche.

Utayari huo hutegemea mizani. Nje ya utando wa neva kuna sodiamu nyingi, na ndani kuna potasiamu nyingi. Milango midogo iliyomo katika utando hufunguka na kufungwa, na cheche ya neva si kitu kingine ila kufunguka kwa milango hiyo kwa mfuatano. Mizani ikiegemea kidogo upande mmoja, cheche huweza kuzuka pasipo kuitwa. Uchovu baada ya mchezo mkali waweza kuiegemeza, kadhalika kukosa usingizi, kahawa nyingi, hofu, au kupungua kwa kalsiamu na magnesi katika damu. Mwanafunzi aliyekesha akijisomea kabla ya mtihani, akinywa kahawa ili asisinzie, huku ana hofu ya kushindwa, amekusanya sababu tatu kwa pamoja. Jicho lake lisipocheza ndipo pa kushangaa.

Sasa ugonjwa wenyewe. Katikati ya karne ya 19 madaktari wa Paris walikuwa wameanza kuwaeleza wagonjwa ambao misuli yao ilisinyaa pole pole pasipo jeraha wala homa. François Aran aliandika juu yao mwaka 1850, na mwaka 1853 Jean Cruveilhier alionyesha kwamba, katika maiti aliyoichunguza, mizizi ya mbele ya neva zitokazo katika uti wa mgongo ilikuwa imekonda. Lakini aliyeziunganisha habari zote ni Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière. Kuanzia mwaka 1869 alionyesha kwamba katika ugonjwa huu hufa neva za chini na neva za juu pia, na mwaka 1874 akaupa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa kusinyaa kwa misuli pamoja na kukakamaa kwa pande za ugwe. Ufaransa hadi leo huitwa ugonjwa wa Charcot. Wamarekani huuita kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli aliyecheza michezo 2,130 mfululizo bila kukosa hata mmoja, ambaye nguvu zake zilianza kupungua mwaka 1938, ugonjwa ukatambuliwa Juni 1939, naye akafariki tarehe 2 Juni 1941 akiwa na umri wa miaka 37.

Neva ya chini iliyopatwa na ugonjwa huu haifi kimya. Kabla ya kufa huwa na ukali, kama mgonjwa mwenye homa ambaye hata mlio wa mlango humkera. Milango yake ya sodiamu hupitisha kupita kiasi, ya potasiamu hupitisha pungufu, na cheche huzuka ovyo. Mara nyingi katika ncha za uzi wake karibu na msuli, mara nyingine katika seli yenyewe. Hicho ndicho chanzo cha kucheza kwa misuli ya mgonjwa. Hatimaye seli hufa, na nyuzi za msuli zilizokuwa chini yake hubaki yatima.

Hapa pana jambo ambalo lastahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa ndilo lifumbualo tabia nzima ya ugonjwa. Nyuzi zilizobaki yatima haziachwi. Neva jirani zilizo hai huchipuza matawi mapya na kuzichukua. Kiongozi aliyekuwa na askari 500 sasa ana 1,000, na kesho ana 1,500. Kwa sababu ya malezi hayo, msuli waweza kupoteza sehemu kubwa ya neva zake kabla mwenyewe hajatambua kwamba mkono umedhoofu. Na kwa kuwa vikosi vilivyobaki vimekuwa vikubwa, mshtuko wa kikosi kimoja sasa ni mkubwa pia, wala si vigumu kuuona chini ya ngozi. Kisha walezi nao huugua. Akifa mmoja wao, nyuzi nyingi huachwa kwa mkupuo, wala hapana tena jirani wa kuzichukua; ndipo msuli husinyaa kwa haraka. Mwaka 1938 Derek Denny-Brown na Joseph Pennybacker waliandika makala mashuhuri yaliyotenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: kucheza kwa kikosi kizima, ambako jicho laweza kukuona, na kule kujikunja kwa uzi mmoja mmoja uliokwisha kuachwa na neva yake, ambako hakuonekani kwa macho bali hunaswa kwa sindano ya kupimia umeme wa misuli. La kwanza ni sauti ya neva ambayo ingali hai. La pili ni sauti ya msuli ambao neva yake imekwisha kufa.

Walimu wa Afrika ya Mashariki wana njia nzuri ya kulifundisha somo hili ambayo wenzao wa Ulaya hawanayo, kwa kuwa katika eneo hili na jirani zake yamewahi kuonekana maradhi mawili ambayo kila moja hugusa nusu ya njia ile ya amri. Ugonjwa wa polio huziharibu neva za chini. Virusi vyake huingia katika sehemu ya mbele ya ugwe na kuua seli kwa siku chache. Mguu hulegea, hukonda, na mtoto akipona hubaki na mguu mwembamba. Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio Agosti 2020, ijapokuwa baadaye vililetwa tena kutoka nje na kuonekana Malawi mwaka 2022; na watu wazima waliopatwa utotoni wangali katika vijiji na miji mingi. Ugonjwa wa pili ni konzo, jina la lugha ya Kiyaka ya Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 katika eneo la Kwango. Katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, ulizuka mwaka 1985 wakati wa ukame, na uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 1990. Huwapata watu waliokula kwa majuma mengi mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, huku chakula chao kikikosa protini. Konzo huharibu neva za juu. Miguu yote miwili hukakamaa kwa ghafula, mtu hutembea kwa ncha za vidole huku magoti yakipishana, lakini misuli haisinyai wala haichezi, kwa maana neva za chini zimesalimika.

Ugonjwa wa Charcot hugusa nusu zote mbili. Daktari aonapo mkono uliokonda na unaocheza, ambao wakati huo huo ukigongwa kwa nyundo ya mpira huruka kupita kiasi, ameona jambo ambalo polio haiwezi kulileta, wala konzo haiwezi. Tena polio na konzo huja ghafula kisha husimama. Huu mwingine huanza mahali pamoja, mkononi, mguuni au ulimini, na huenea mwezi baada ya mwezi. Mwanafunzi aliyeyaweka maradhi haya matatu bega kwa bega ameelewa muundo wa mfumo wa neva kuliko aliyekariri mchoro wa kitabu, na pia ameanza kuona kwamba kucheza kwa misuli ni neno moja tu katika sentensi ndefu.

Na sasa hesabu, ambayo haihitaji zaidi ya yale yafundishwayo kidato cha pili. Katika nchi za Ulaya, ambako takwimu za ugonjwa huu zimetunzwa kwa miaka mingi, wagonjwa wapya huwa kiasi cha 2 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na wengi wao wamepita umri wa miaka 50. Uchukuliwe mji wenye watu 100,000. Katika mwaka mmoja watapatikana wagonjwa wapya 2, na ikubaliwe kwamba wote wawili misuli yao inacheza. Je, katika mji huo huo ni wangapi ambao mwaka ule ukope, kidole gumba au shavu la mguu limewacheza japo mara moja? Mwalimu na aliulize darasa lake linyoshe mikono, kisha ahesabu. Hata wakikadiriwa kuwa nusu tu ya mji, ni watu 50,000. Basi katika kila watu 25,000 wachezwao na misuli, mgonjwa ni 1, na mmoja huyo kwa kawaida atakuwa na dalili nyingine zilizo nzito zaidi. Kauli isemayo kwamba karibu wagonjwa wote wa neva za mwendo huchezwa na misuli ni ya kweli. Kuigeuza kauli hiyo na kusema kwamba wachezwao na misuli ni wagonjwa ni sawa na kusema kwamba, kwa kuwa kila jogoo ana mabawa, kila chenye mabawa ni jogoo.

Hesabu hiyo imepata ushahidi wake hospitalini. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha habari za watu 121 waliokuwa wamewajia kwa ajili ya kucheza kwa misuli, na ambao walipochunguzwa hawakukutwa na ugonjwa wa neva. Walifuatiliwa kwa muda wa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata 1 aliyekuja kupatwa na ugonjwa wa neva za mwendo.

Yuko atakayesema: je, si afadhali watu wengi waogope bure kuliko mmoja asahauliwe? Hoja hii ina sura ya huruma, lakini haisimami. Hofu yenyewe huiegemeza ile mizani ya neva na kuongeza kucheza; mtu hulala akijitazama mguu, hakosi kuuona ukicheza, hukosa usingizi, na kesho misuli hucheza zaidi. Madaktari vijana na wanafunzi wa udaktari wanaifahamu vema hofu hiyo, maana wao ni miongoni mwa wanaoshikwa nayo sana. Zaidi ya hayo, anayeyakodolea macho misuli ichezayo amelitazama jambo lisilo lenyewe. Kitu cha kuangalia ni nguvu. Je, vifungo vya shati vyafungika kama mwaka jana? Ufunguo wageuka mlangoni? Chaki yashikika hadi mwisho wa kipindi? Mtu aweza kutembea kwa visigino vyake, kisha kwa ncha za vidole, bila mguu mmoja kulegea? Kandambili yabaki mguuni au yavuka yenyewe upande mmoja? Ulimi umekuwa mzito? Chakula chapalia mara kwa mara? Yeyote ambaye moja ya haya limemtokea na linazidi, na afike kwa daktari, misuli yake iwe inacheza au haichezi. Kwa haki yafaa isemwe pia kwamba wako wagonjwa wachache ambao kucheza kuliwatangulia miezi kadhaa kabla ya udhaifu. Kwa mtu mzima ambaye kucheza kumemwanza ghafula, kumeenea mwili mzima na hakuachi, kupimwa nguvu tena baada ya miezi michache ni jambo la busara, na ni tofauti kabisa na kujihukumia kifo usiku mmoja.

Hata mabingwa wenyewe hawaipi dalili hii uzito ikiwa peke yake. Katika kanuni za uchunguzi zilizopatanwa Awaji, Japani, na kuchapishwa mwaka 2008, kucheza kunakonaswa kwa sindano kulipandishwa cheo na kuhesabiwa kuwa ushahidi wa ugonjwa. Lakini kwa sharti kwamba msuli huo huo uwe umeonyesha pia alama za kupoteza neva kwa muda mrefu, yaani vile vikosi vilivyokuzwa kwa kulea yatima. Pasipo alama hizo, cheo hakitolewi.

Ikiwa hivyo ndivyo wafanyavyo mabingwa, ni vigumu kuona kwa nini darasani dalili zinaendelea kufundishwa kama orodha. Swali la mtihani litakalo kwamba mwanafunzi ataje dalili nne za ugonjwa fulani humpa alama nne kwa kukariri maneno manne, na humwacha akiamini kwamba yote manne yana uzito sawa. Laiti swali lingekuwa hivi: kijana wa miaka 17 anachezwa na shavu la mguu tangu juzi, alicheza mpira Jumamosi, mzee wa miaka 60 mkono wake wa kulia umekonda na unacheza, na kwa miezi mitano ameshindwa kushika jembe sawasawa, eleza ni nani apelekwe hospitali na kwa nini. Swali la namna hiyo haligharimu maabara wala kemikali. Lagharimu muda wa kusahihisha, na huenda hapo ndipo penye kikwazo.

Wala isidhaniwe kwamba kucheza kwa misuli hakuwi jambo la dharura kamwe. Katika mashamba ya pamba, kahawa na mboga kuna namna ya kucheza iuayo kwa saa, si kwa miaka. Dawa za kuulia wadudu za jamii ya oganofosfeti huzuia kuvunjwa kwa asetilikolini, ile kemikali ipelekayo amri kutoka neva hadi msuli. Amri ikishatolewa haifutiki, na misuli huendelea kujikunja. Mtu aliyenyunyiza dawa kutwa nzima bila kinga, akaanza kutoka jasho na mate mengi, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, kifua kikambana na misuli ikamcheza, anahitaji kuvuliwa nguo zilizolowa, kuoshwa kwa sabuni na kukimbizwa hospitali pamoja na chupa au karatasi ya dawa hiyo, kwani huko iko atropini. Dalili ni ile ile iliyomtia hofu mwanafunzi wa mtihani. Zilizo tofauti ni zile zilizofuatana nayo.

Kwa aliyepatwa kweli na ugonjwa wa Charcot, kuchelewa kutambuliwa kuna gharama yake. Ulimi mzito humfanya adhaniwe mlevi. Mguu unaoburuta hutafutiwa mchawi. Fedha za familia huishia njiani kabla hajaonwa na mtu mwenye nyundo ya mpira. Wagonjwa wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili ya kwanza. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Cambridge aliyeambiwa habari hiyo mwaka 1963 akiwa na miaka 21, na akaishi mpaka mwaka 2018, alikuwa wa pekee kabisa, na si haki kumtumia kama kipimo cha wengine. Dawa ya riluzoli, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache tu. Nyingine, tofaseni, iliyoruhusiwa huko mwaka 2023, ni kwa wale wachache ambao ugonjwa wao umetokana na kasoro ya jeni iitwayo SOD1, iliyogunduliwa mwaka 1993. Wao ni kiasi cha 2 katika kila wagonjwa 100. Yanayosaidia zaidi ni ya kawaida: chakula laini, na baadaye mrija wa kukipitisha tumboni, kifaa cha kusaidia kupumua usiku, ubao wa herufi kwa aliyepoteza sauti, ambao aweza kuutumia kwa kuelekeza macho, maana misuli ya macho kwa kawaida hubaki mizima mpaka karibu na mwisho. Mgonjwa huona, husikia, huhisi mkono ukimgusa, na mara nyingi huelewa kila neno lisemwalo kitandani pake. Ndugu na jamaa wasemao mbele yake kana kwamba hayupo hawajaambiwa hivyo na mtu yeyote.

Baada ya muda, kucheza kwenyewe hupungua. Mkono uliokuwa ukirukaruka chini ya ngozi mwaka uliotangulia hutulia, na nyumbani watu hushukuru wakidhani dawa za fulani zimefaa. Umetulia kwa sababu vikosi vilivyokuwa vikipiga kelele vimekwisha, na kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada kimebonyea. Wakati huo daktari hautazami tena mkono. Humwomba mgonjwa avute pumzi na kuitoa kwa nguvu zake zote katika kipimo, huandika tarakimu, na kuilinganisha na ile ya miezi mitatu iliyopita.